Konyagi ya kale: Jinsi ya kutambua chupa yenye thamani

WALOWEZI waliokuwa na mashamba Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha walipoanza kuuza mali na kuondoka baada ya Uhuru mwaka wa 1963, si kila kitu kilichofungwa na kusafirishwa. Chupa ya konyagi ya Ufaransa iliyosahaulika kabatini yaweza kuwa mali, au chupa tu.

Jina lenyewe huwapotosha wengi. Katika Kiswahili, konyagi imekuwa brandi yoyote ile, na nchini Tanzania ni kileo cha miwa kisichohusiana na zabibu. Konyagi halisi hutokana na zabibu za eneo la Cognac, magharibi mwa Ufaransa, ambalo mipaka yake iliwekwa kisheria mwaka wa 1909. Richot au Viceroy, hata ikikaa miaka 40, itabaki kuwa brandi.

Tena, konyagi huzeeka ndani ya pipa la mwaloni pekee. Iliyotiwa chupani mwaka wa 1960 ikiwa na umri wa miaka 10, leo ingali na miaka 10. Kinachopandisha bei ni uhaba na hali ya chupa.

Kosa linalorudiwa mno ni la tarehe. Mwenye chupa ya Hennessy huona 1765 kwenye lebo akadhani ametajirika, kumbe huo ni mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni. Vivyo hivyo 1724 kwa Rémy Martin na 1715 kwa Martell. Herufi nazo zisomwe kwa uangalifu: VS ni angalau miaka 2 pipani, VSOP miaka 4, na XO miaka 10. Hata hivyo, hadi mwaka wa 2018 XO ilihitaji miaka 6 tu. Chupa za nyota tatu, zilizo sawa na VS, zilikuwa nyingi na kwa kawaida hazina bei kubwa.

Umri wa kweli hujitokeza katika mambo madogo. Lebo ya soko la Uingereza yenye maneno "70° Proof", yaani asilimia 40 ya kileo, kwa kawaida ni ya kabla ya 1980, mfumo huo ulipoachwa. Ujazo ulioandikwa kwa aunsi badala ya sentilita pia ni dalili ya ukongwe. Kwa upande mwingine, mistari ya kusomwa na mashine za dukani ilianza kutumika mwaka wa 1974. Anayeuza chupa yenye mistari hiyo akidai ni ya enzi za ukoloni anadanganya.

Kiwango cha kinywaji kikishuka chini ya mabega ya chupa, bei nayo hushuka. Lebo isisuguliwe wala kubandikwa upya. Chupa isimamishwe wima mbali na jua, tofauti na mvinyo unaolazwa, kwani kileo kikali hula kizibo.

Makadirio yafuate bei zilizolipwa mnadani, si zinazotajwa na wauzaji. Mnamo Mei 2020, chupa ya Gautier ya mwaka wa 1762 iliuzwa na Sotheby's kwa pauni 118,580, lakini hiyo ni nadra kupindukia. Anayetaka kuuza nchini akumbuke pia Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kutokana na aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, inayokataza uuzaji bila leseni.

Hatari kubwa ni chupa zilizojazwa upya. Chupa ya kioo cha Baccarat ya Louis XIII ina wanunuzi hata ikiwa tupu, na walaghai wanalijua hilo. Mnamo Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu nchini Kenya. Chupa ambayo muhuri wake umeguswa isionjwe, hata na anayeitathmini.