Mvishaji Nyuma ya Pazia

Wengi wetu hapa Tukuyu tulimjua Shakespeare kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, aliyefasiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Bali habari za waliozunguka na michezo hiyo mji kwa mji huko Uingereza, na khususan za watumishi waliowavisha waigizaji mavazi yao, hazikutufikia, nami naona zina haki ya kusimuliwa.

Mashuhuri miongoni mwa waigizaji hao alikuwa Sir Donald Wolfit, aliyezaliwa mwaka 1902, ambaye mwaka 1940, mabomu yakiishukia London, aliendelea kuonyesha Shakespeare adhuhuri, saa ya watu kupumzika kazini. Mwaka 1953 kijana mzaliwa wa Cape Town, Ronald Harwood, alijiunga na kundi lake, akawa mvishaji wake hata mwaka 1958. Wolfit alipofariki mwaka 1968, Harwood alimwandikia wasifu, kisha mwaka 1980 akatoa mchezo uitwao The Dresser, akibainisha kwamba mzee aliyemo si Wolfit, wala yeye mwenyewe siye yule mtumishi.

Mambo yote hutukia Januari 1942, wakati wa vita. Mzee mwigizaji, aitwaye Sir basi, akili imemchoka hata aanza kujipaka rangi nyeusi ya Othello ilhali zamu ni ya Mfalme Lear, na maneno ya kuanzia yamemtoka kabisa. Norman, mvishaji wake wa miaka mingi, humbembeleza, humvika joho, humkumbusha maneno yake na kumfikisha jukwaani. Ifikapo tufani, ni watu walio gizani wanaopiga ngoma na kutikisa bati ili radi isikike. Naye mzee, atokapo, hulalama kuwa haikuvuma vya kutosha.

Usiku huohuo, mchezo ukiisha, Sir anafariki chumbani mwake, akiacha mwanzo tu wa kitabu cha maisha yake. Katika tabaruku ya kitabu hicho amewashukuru watazamaji, waigizaji wenziwe, maseremala na mafundi wa taa. Norman anaisoma yote, akiwatafuta wavishaji, nao hawamo. Kwangu mimi ukurasa ule ni dhuluma iliyopita kila neno kali alilotupiwa Norman usiku ule, maana mzee aliuandika kwa utulivu, akiwa na nafasi ya kukumbuka.

Wilaya yetu ya Rungwe nayo ina habari ya jinsi hiyo, ingawa jukwaa lake lilikuwa uwanja wa matanga, ambako vijana wa Kinyakyusa walicheza kwa mikuki mikononi na njuga miguuni, wanawake wakipita baina yao kwa vigelegele. Ngoma hizo ziliandikwa kwa mapana na Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti wao wilayani humu baina ya mwaka 1934 na 1938, wakisaidiwa na karani na mkalimani Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo. Godfrey alifariki mwaka 1944. Na vitabu vilipotoka, mwaka 1951, 1957 na 1959, jalada lilichukua jina la Monica peke yake. Ilipasa kungojea hadi mwaka 2013, ndipo kilipochapishwa kitabu juu ya Monica Wilson pamoja na wakalimani wake, na ndani yake karani yule wa Rungwe akapewa sura yake mwenyewe.