Feni ya Msalani na Tarihi ya Rangi za Nyaya

Mtu afunguaye feni ya kutolea mvuke msalani mwake, kwa nia ya kuiondoa iliyochakaa na kutia mpya, hukutana na nyaya kabla ya kitu kingine chochote. Na katika rangi za nyaya hizo mna tarihi ambayo, kwa rai yangu, ina faida kubwa kuliko tarihi ya feni yenyewe.

Feni umri wake si mkubwa. Mwaka 1882, huko Marekani, Schuyler Skaats Wheeler alitia mapanga mawili kwenye mota ndogo, ikapatikana feni ya mezani. Na mwaka 1936 ikatokea Uingereza feni ya umeme ya dirishani, ambayo kazi yake ilikuwa kuifukuza nje hewa nzito.

Rangi ndizo zilizoleta taabu. Waingereza walipotandaza umeme katika miji ya Afrika Mashariki walileta kanuni ya kwao, kwamba waya mwekundu ni wa moto, yaani uletao umeme, mweusi ni nyutro, yaani uurudishao, na wa kijani ni ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme uliopotoka. Ujerumani, kwa miaka mingi, mwekundu ndio uliokuwa ethi. Tazama basi hatari iliyofichama hapo: chombo cha Mjerumani kikitiwa plagi na mtu aliyezoea desturi ya Uingereza, ganda lake la chuma hupokea moto kamili, na mwenye mkono uliolowa akiligusa huenda ukawa ndio mwisho wa uhai wake. Tena wako watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayapambanui nyekundu na kijani.

Kwa sababu hizo mataifa ya Ulaya yaliafikiana juu ya hudhurungi kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye milia ya manjano kwa ethi, ili ethi itambulikane kwa milia hata na asiyeijua rangi. Uingereza iliikubali kanuni hiyo kwa nyaya za vyombo karibu na mwaka 1970, lakini kwa nyaya za ukutani ilingoja hadi mwaka 2004, na baada ya tarehe 31 Machi 2006 kazi mpya haikuruhusiwa kufuata rangi za kale. Katika umeme wa fezi tatu, yaani wenye nyaya tatu za moto, mageuzi yalikuwa mazito zaidi: mweusi uliokuwa nyutro ukawa wa moto, na buluu iliyokuwa fezi ikawa nyutro.

Fundi hodari, basi, haamini rangi. Anajua kwamba katika nyumba za kale hata waya mweusi urudio kutoka swichini huwa na moto wakati swichi imewashwa. Na kwamba feni iendeleayo kuzunguka baada ya taa kuzimwa ina waya wa moto wa daima, usiotii swichi ya taa. Huzima mein swichi, akapima kila waya kwa kipimo alichokwisha kukihakikisha, ndipo akagusa. Nako Uingereza, nyumba yenye nyaya za zama zote mbili iliamriwa kubandikwa onyo karibu na kisanduku cha fyuzi, ili fundi ajaye alisome kabla ya kufungua parafujo ya kwanza.