Bao na Ikibuguzo Mjini Bujumbura

Michezo ya ubaoni ambayo watu wa nyumba moja huweza kukaa wakaicheza pamoja si michache mjini Bujumbura. Ipo dama, isiyotaka gharama yo yote ila kipande cha mbao kilichochorwa miraba na vifuniko vya chupa. Ipo ludo, ambayo asili yake ni pachisi ya Kihindi, nayo ilipewa hataza huko Uingereza mwaka 1896. Lakini bao lina habari yake peke yake. Lilipofika hapa kwa njia ya ziwa liliwakuta Warundi wanao ikibuguzo chao, mchezo wa ubao wa namna ile ile, wenye safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Kukutana kwa ndugu hao wawili ndiko tunakotaka kukutazama katika makala haya, na pia kueleza kwa nini, ingawa wamekaa mji mmoja muda mrefu hivi, bado hawajaingia vema ndani ya nyumba zetu.

Habari ya Kiswahili mjini hapa huanzia Ujiji. Burton na Speke walipofika huko mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wamekwisha watangulia. Nchi ya kaskazini ya ziwa, ambayo wakati ule iliitwa Uzige, ilijulikana kwa wasafiri hao. Na Livingstone na Stanley nao walifika pande hizo mwezi wa Novemba 1871, wakitaka kujua kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka. Milimani mambo yalikuwa mengine. Mwami Mwezi Gisabo hakuwaachia watu wa misafara nchi yake, na kwa hiyo Uswahili ulibaki ukingoni mwa maji. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, walikuja na askari na makarani waliozungumza Kiswahili. Wabelgiji wakaushika mji mwaka 1916, na katika utawala wao Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 jina la Usumbura likaachwa, mji ukaitwa Bujumbura; Kiswahili hakikuhama Buyenzi.

Mchezo huu ulisafiri kwa wepesi kuliko bidhaa yo yote. Bao zuri lenye kuchongwa ni kazi ya fundi, lakini msafiri aliyepiga kambi aliweza kuchimba mashimo 32 mchangani, akaokota vijiwe, akacheza mpaka chakula kiive, kisha akaondoka asibebe kitu. Ndiyo sababu umri wake ni vigumu kupimwa. Huko Kenya, katika kilima cha Hyrax Hill karibu na Nakuru, yapo mashimo ya mchezo wa jamii hii yaliyochimbwa katika mwamba. Na Mfaransa Flacourt, aliyeandika habari za Bukini mwaka 1658, amekwisha kuutaja mchezo wa ukoo huo. Wako waandishi wanaoona haya kuacha swali la asili bila jibu, wakaupa mchezo huu wazazi wa mbali. Sisi hatuna haja hiyo. Yatosha kujua kwamba bao la Kiswahili ni la pwani na visiwa, igisoro ni cha Rwanda, omweso ni wa Buganda, ambako ulichezwa hata kwa Kabaka, na ikibuguzo ni cha Burundi. Philip Townshend alichapisha huko Brussels mwaka 1977 kazi nzima juu ya michezo hii katika nchi ya Kongo (iliyoitwa Zaire wakati ule), Rwanda na Burundi.

Sasa tuyatazame maneno, maana hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohusika zaidi. Mchezaji wa bao la Kiswahili huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika zile 10, sita hukaa katika shimo kubwa la mraba liitwalo nyumba, na nyingine huwekwa mbili mbili katika mashimo mawili yafuatayo. Sehemu ya kwanza ya mchezo huitwa namua: kila zamu mchezaji huingiza kete moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha, sehemu ya pili huanza, nayo huitwa mtaji. Mashimo ya mwisho wa safu ya mbele ni vichwa. Akipata nafasi, mchezaji hula kete za mwenziwe. Asipopata, hutakata, yaani husambaza kete zake bila kula. Kete ya mwisho ikiangukia katika shimo tupu, zamu imelala. Anayeichota nyumba yake na kuendelea husemwa amekwenda safari. Aliyemalizikiwa na safu ya mbele, hana bao. Na akishindwa hali bado ana kete zisizoingizwa, amefungwa mkononi, na hiyo ni fedheha ambayo barazani haisahauliwi upesi.

Msomaji ayatie maneno hayo katika mizani. Mtaji, safari, nyumba, mkononi, kula, kulala: huu ni msamiati wa mtu aliyeacha mlango wake pwani, akachukua mali kidogo ya kuanzia, akaenda bara asijue atarudi na nini. Hatudai kwamba mchezo ulizaliwa katika misafara. Lakini yamkini walioupa maneno yake waliijua biashara, na maneno hayo yalipofika Uzige yalikutana na watu wanaoishi kwa biashara vile vile. Hata neno bao lenyewe halikukaa pale pale. Mpiga ramli hupiga bao. Na kijana wa leo asiyejua kushika kete husema timu yake imefunga bao, asijue kwamba neno hilo limeutangulia mpira wa miguu kwa muda mrefu.

Ama kuhusu kanuni, Mswahili na mtu wa milimani wakikaa penye ubao mmoja hawana budi kupatana kwanza. Katika bao la Kiswahili mtu hula kete zilizo katika shimo la mbele la mwenziwe, mkabala na shimo alilomalizia, kisha huzisambaza kuanzia kichwani kwake. Katika michezo ya milimani, kama igisoro na omweso, kula ni kuchukua mashimo mawili kwa pamoja, la mbele na la nyuma, nayo hayaliwi ila yote mawili yawe na kete. Kisha kete hizo husambazwa kuanzia shimo ambalo mlaji alianzia mzunguko wake. Huko hakuna nyumba wala namua, na kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Lakini jambo moja ni la wote: kilicholiwa hakitoki mchezoni. Kete za adui hupandwa upande wako, na baada ya zamu mbili tatu huenda zikarudi kwake. Katika dama kilicholiwa kimekwisha, hapa sivyo.

Mbona basi mchezo wenye utajiri huu haukuwa mchezo wa jamaa nzima? Jibu letu ni kwamba baraza liliuchukua. Baraza ni la wanaume, na mabingwa wa bao ni watu wa barazani. Tena waliopenda bao hawakuwa watu wadogo: Mwalimu Nyerere alilicheza, na Mzee Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 akicheza bao katika makao ya chama chake cha Afro-Shirazi mjini Unguja. Mchezo ulipata heshima kwa njia hiyo, lakini heshima ya wazee ni mlango mzito kwa mtoto na kwa mama yake. Mtaalamu wa Kiholanzi Alex de Voogt, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa Zanzibar, alichunguza ukomo wa akili yenyewe katika mchezo huu. Ni jambo la kujivunia, ila bingwa hatamngoja msichana wa miaka minane ahesabu kwa kidole. Ludo haikuwa na baraza, ikaingia sebuleni moja kwa moja. Nayo haikuja na maneno: dadu hutupwa, sita hungojewa, basi. Hasara ya Kiswahili ni kubwa zaidi kuliko ya burudani, kwa kuwa msamiati tulioueleza haufundishwi kwa kitabu ila kwa mdomo, kete zikiwa mkononi. Na tangu Burundi iingie katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007 wanaojifunza lugha hii hapa si watoto wa Buyenzi peke yao.

Wazee wa pwani hawakulisahau jambo hili. Lipo bao la kujifunza, na jina lake laeleza kazi yake. Hakuna namua, wala kete ya mkononi. Kila shimo huwekwa kete mbili, na mchezo huanza kama mtaji. Mtoto hulipata kwa jioni chache. Nyumba ambayo baba ni wa Buyenzi na mama ni wa milimani yaweza kuanza hapo, kisha ikajaribu namna ya milimani kwa kuzipanga kete zile zile nne nne katika safu moja ya mashimo 8. Mtoto atauliza kama kuna iliyopungua. Na azihesabu mwenyewe, 16 mara mbili na 8 mara nne. Mbegu za mkomwe zikikosekana, mbegu nyingine yo yote ngumu yafaa, au vijiwe vya ufukweni, mradi viwe laini na mkono wa mtoto uweze kuvishika vinane kwa mara moja.