Ambari na Chungwa katika Baridi ya Molo

Manukato ya chungwa na ambari hunukia kwa zamu. Kwanza hupanda ukali wa ganda la chungwa, limau au bergamoti. Baadaye hubaki utamu mzito wa vanila na utomvu, unaoweza kushika kola ya koti hadi kesho yake. Molo, mji wa Kaunti ya Nakuru ulio karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hubadilisha mwendo huo. Mafuta ya maganda huruka upesi penye joto, lakini katika ukungu wa asubuhi ya Julai hukawia, nayo ambari hutulia chini ya sweta mpaka aliyejipaka aingie jikoni kwenye moto.

Kati ya harufu hizo mbili, ambari ndiyo yenye historia ndefu zaidi Afrika Mashariki. Ile ya asili hutoka tumboni mwa nyangumi, huelea baharini, kisha hutupwa ufukweni na mawimbi. Katika karne ya 10, al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyeifikia bahari ya Zanj, yaani ya Afrika Mashariki, aliisifu ambari ya pwani yake kuwa bora kuliko zote: ya mviringo, buluu iliyofifia, nyingine kubwa kama yai la mbuni.

Manukato ya machungwa yalipata sifa yake Ulaya. Katika karne ya 18 Mwitaliano Johann Maria Farina aliuza mjini Cologne maji mepesi yenye bergamoti. Mwaka 1874 wanakemia wa Ujerumani walitengeneza vanilini bila tunda la vanila, na mwaka 1925 kampuni ya Guerlain ya Paris ikatoa Shalimar, iliyounganisha bergamoti na utamu huo. Siku hizi kinachoitwa ambari chupani kwa kawaida hakina chochote cha nyangumi. Ni labdano, utomvu wa kichaka cha Mediterania, pamoja na vanila na viungo vya maabara.

Bonde la Ufa nalo lina manukato yake, na hayastahili kusahauliwa mbele ya chupa za Paris. Wamaasai wamekuwa wakijipachika majani ya leleshwa kwapani ili wanukie vizuri, na kichaka hicho kimetapakaa nyanda kavu za Nakuru. Juu zaidi, katika msitu wa Mau, humea mti wa mutarakwa. Mbao zake zinapopasuliwa hutoa harufu kavu yenye utamu kidogo, na mafuta yake hutumiwa na watengenezaji wa manukato kuipa harufu msingi unaodumu.