Adhabu ya Kaburi Aijuaye Maiti

Mlevi hakosi washauri. Mke analia, mchungaji anahubiri, chifu anatisha, na jirani asiyewahi kuonja tone ndiye anayesema kuliko wote: "Si uache tu!" Kaka yangu alihubiriwa miaka mingi. Leo hanywi, nami nilipomuuliza ni nani aliyemfikia moyoni, alinitajia jamaa mmoja aliyewahi kulala mtaroni kama yeye. Jibu hilo lilinipeleka kwenye historia.

Tarehe 2 Aprili 1840, mjini Baltimore, Marekani, wanywaji sita walikuwa wameketi baani. Hapo hapo wakakubaliana kuacha kileo, wakaunda chama na kukipa jina la Washington. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi: mtu anasimama, anaeleza ulevi ulivyomtenda, kisha anamtafuta mlevi mwenzake na kumleta. Chama kikaenea kama moto wa nyika. Tarehe 22 Februari 1842 Abraham Lincoln, wakati huo wakili wa miaka 33, aliwahutubia mjini Springfield, akawasifu kwa kumwendea mlevi kama rafiki badala ya kumlaani. Lakini hakikudumu. Kilijiingiza katika mabishano ya siasa na ya kupiga pombe marufuku, na baada ya miaka michache kikasambaratika.

Baadaye serikali ikajaribu rungu. Kuanzia 1920 hadi 1933 pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima. Nani alifaidi? Wauza magendo, akina Al Capone wa Chicago. Sisi Wakenya tunaijua hadithi hiyo: chang'aa ilipigwa marufuku 1980, ikaruhusiwa kwa masharti 2010, na miaka yote thelathini ilipikwa na kunywewa tu. Sheria inaweza kufunga mlango wa baa. Kiu haifungiki.

Sasa twende Akron, Ohio, Mei 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Mpango wake wa biashara ulikuwa umevunjika, mfuko mtupu, na pale hotelini alisikia vicheko vya baa. Badala ya kuingia, akashika simu, akatafuta mlevi wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa Bob Smith, daktari mpasuaji. Daktari alikuwa radhi kumpa robo saa tu. Wakazungumza saa nyingi, hadi usiku.

Hapo ndipo penye siri, bwana. Bill hakwenda kuhubiri. Alikwenda kujiokoa mwenyewe, na kwa kujiokoa akamwokoa mwenzake. Daktari aliteleza mara moja, kisha akanywa glasi yake ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Alikufa 1950 bila kuionja tena. Chama chao, Alcoholics Anonymous, kimekataa kuingia siasani, na mikutano yake ipo hata Nairobi.

Sisemi daktari hana kazi. Aliyezama sana akikatiza ghafla anaweza hata kufa, kwa hiyo hospitali kwanza. Lakini baada ya dawa kuna jioni ndefu, na jioni hizo zinataka mtu anayezijua.

Sisi vijana wa kalamu tumemzoea mlevi wa kuchekesha: anayumba, anaimba, anaanguka, ukurasa unafungwa. Hebu siku moja tumwandike asubuhi yake, akiwa hajanywa, na tumwache aseme mwenyewe.