Ziwa Moja, Mistari Miwili

Wale samaki wadogo wanaouzwa kwa mafungu katika soko la Dzaleka wana majina mengi. Wamalawi wanawaita usipa. Mtanzania wa Kyela atakuambia ni dagaa. Sisi tuliokulia karibu na Ziwa Tanganyika tukiwaona tunakumbuka ndagala wa kwetu, na mtu wa Goma atasema wanafanana na sambaza. Ziwa wanakotoka nalo lina majina matatu: Malawi kwa Wamalawi, Nyasa kwa Watanzania, Niassa kwa watu wa Msumbiji. Majina hayajawahi kumuumiza mtu. Kinacholeta shida ni mstari unaopita juu ya maji, na shida ilikua pale kampuni za mafuta zilipoanza kuulizia.

Historia hii inatuhusu wakimbizi kuliko tunavyodhani. Wengi wetu tulipita Tanzania kabla ya kuvuka Songwe na kuingia Malawi. Nchi hizi mbili zinazogombea ziwa ndizo zimetubeba.

Tuanze na karatasi. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walisaini mkataba mjini Berlin. Ujerumani ilipata Heligoland, kisiwa kidogo sana huko Bahari ya Kaskazini, na Uingereza ikaachiwa Zanzibar. Katika mkataba huohuo wakagawana bara. Ibara ya kwanza inasema mpaka wa kusini wa eneo la Wajerumani unafuata mto Ruvuma, kisha unakwenda magharibi hadi unagusa ziwa, halafu unafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi kwenye mdomo wa mto Songwe.

Hapo neno zito ni moja tu: ufuko. Mkataba haukusema katikati ya maji. Kwa maandishi hayo, mtu anayeishi Mbamba Bay au Matema akiingiza miguu majini, tayari yuko Malawi. Huo ndio msimamo wa Malawi mpaka leo.

Sasa linganisha na kwetu. Mpaka wa Kongo na Tanzania unapita katikati ya Ziwa Tanganyika. Burundi ina kipande chake, Zambia nayo ina chake. Mvuvi wa Fizi, wa Kigoma na wa Rumonge wanajua kwamba kila nchi ina maji yake. Maziwa yote mawili yamelala katika bonde moja la ufa, yamegawanywa na Wazungu wa kizazi kimoja, lakini kanuni ni mbili tofauti. Hakuna aliyewauliza wavuvi wa huku wala wa kule.

Mkataba haukupita miaka mingi bila kujaribiwa. Agosti 1914, vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilikwenda mahali panapoitwa Liuli leo, upande wa Tanzania, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Inasimuliwa kwamba manahodha hao wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na yule Mjerumani alikuja kwa mtumbwi kwa hasira akimuuliza mwenzake kama amelewa. Hakuwa amepata habari kwamba huko Ulaya wameshaanza kupigana. Lakini kuna swali jingine hapo. Kama maji yote yalikuwa ya Mwingereza, meli ya Mjerumani ilikuwa inafanya nini ziwani? Mwanasheria atajibu kwamba kusafiri juu ya maji siyo kuyamiliki. Ni kweli, lakini unaona jinsi maisha yalivyokuwa yanaendelea bila kuujali ule mstari.

Baada ya vita Waingereza wakatawala pande zote mbili, Tanganyika na Nyasaland. Mtu akitawala vyumba viwili, ukuta wa katikati haumsumbui. Katika miaka hiyo baadhi ya taarifa na ramani zao zilionyesha mpaka ukipita katikati ya ziwa, nyingine zikauweka ufukoni. Tanzania leo inashika zile za katikati, Malawi inashika zile za ufukoni. Na mwaka 1954 Waingereza walikubaliana na Wareno kwamba upande wa Msumbiji mpaka upite katikati, isipokuwa visiwa vya Likoma na Chizumulu vibaki upande wa Nyasaland. Ndiyo maana leo visiwa hivyo vya Malawi vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Yaani mstari ulikuwa unaweza kusogezwa, mradi wenye nguvu wakae mezani.

Malawi ilipata uhuru Julai 1964. Mwezi huohuo viongozi wa Afrika walikutana Cairo wakakubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe kama ilivyo, kwa kuogopa kila nchi ingeanza kupigana na jirani yake. Aliyelisukuma azimio hilo ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Lakini mwaka 1967 serikali yake iliiandikia Malawi ikisema mpaka unapita katikati ya ziwa. Kamuzu Banda akakataa, na mwaka 1968 akaenda mbali zaidi akadai hata sehemu za kusini mwa Tanzania kwamba ni za Malawi. Maneno yakawa makali, lakini hayakugeuka vita. Mambo yakapoa, na kwa zaidi ya miaka arobaini wavuvi wakaendelea kuvua, wachuuzi wakaendelea kuvuka, na watu wa Kyela na Karonga wakaendelea kuoana na kuzikana.

Kwa nini basi moto ukawaka tena? Jibu liko chini ya maji. Mwaka 2006 mafuta yalipatikana Uganda, kando ya Ziwa Albert. Machi 2012 Kenya ikatangaza mafuta ya Turkana. Kote huko ni bonde la ufa, na wataalamu wakasema: kama yako kaskazini, huenda na kusini yapo. Ziwa la Malawi likaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Serikali mjini Lilongwe ililigawa ziwa na nchi kavu ya jirani katika vitalu sita vya kutafuta mafuta na gesi. Mwaka 2011, wakati wa Rais Bingu wa Mutharika, kitalu cha pili na cha tatu vilipewa kampuni ya Uingereza iitwayo Surestream Petroleum. Baadaye zikaja kampuni kutoka Afrika Kusini na Falme za Kiarabu.

Hebu tuelewe leseni ni kitu gani. Kampuni haipewi mafuta, maana hayajaonekana. Inapewa karatasi inayosema: katika eneo hili, kwa miaka kadhaa, wewe peke yako ndiye mwenye ruhusa ya kutafuta. Lakini ili serikali itoe karatasi hiyo, lazima ichore kitalu kwenye ramani, na ili ichore kitalu, lazima iseme mpaka uko wapi. Hapo ndipo mzozo uliolala unapoamshwa. Mstari ambao mvuvi aliupita kila usiku bila kuuona, sasa una bei. Tena kampuni ndogo mara nyingi hazina nia ya kuchimba zenyewe. Zinachukua kitalu mapema, zinafanya utafiti kidogo, halafu zinauza sehemu ya haki zao kwa kampuni nyingine. Surestream nayo iliuza sehemu ya vitalu vyake mwaka 2013. Kwa hiyo mtu anaweza kupata faida kutoka ziwani bila tone moja la mafuta kutoka.

Mwaka 2012 mambo yakachacha. Tanzania ilitaka utafutaji usimamishwe mpaka mpaka ujulikane. Mwezi wa Agosti, Bernard Membe, waziri wa mambo ya nje, aliliambia Bunge kwamba kampuni zinazotafuta mafuta ziache mara moja. Edward Lowassa, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge, akasema jeshi liko tayari ikilazimu. Hofu ikaingia vijijini kando ya ziwa. Rais Kikwete alipokutana na Rais Joyce Banda huko Maputo mwezi huohuo, akasema hakuna vita. Wataalamu wa nchi mbili wakakutana Mzuzu na Lilongwe, hawakuelewana. Oktoba, Joyce Banda akasimamisha mazungumzo akilalamika kwamba wavuvi wa Malawi wanasumbuliwa na kwamba Tanzania imetoa ramani mpya. Mwishowe suala likapelekwa kwa marais wastaafu: Joaquim Chissano wa Msumbiji, pamoja na Thabo Mbeki na Festus Mogae. Wazee hao walisikiliza pande zote, lakini kila upande ukabaki na mstari wake.

Tusiseme kampuni ndizo zilizoleta mgogoro. Mgogoro ni wa 1890. Lakini fedha za kigeni zikiingia kwenye mpaka usio wazi ni kama kumwaga mafuta ya taa kwenye kaa lililofunikwa majivu. Wakongo hatuhitaji kuelezwa sana. Agosti 2007, kwenye Ziwa Albert, Heritage Oil ya Kanada ilikuwa na utafiti upande wa Uganda. Risasi zikarushwa kati ya wanajeshi wa Kongo na waliokuwa upande wa kampuni, na Mwingereza mmoja wa kazi hiyo akauawa. Kisiwa kidogo cha wavuvi, Rukwanzi, kikawa habari ya dunia. Tarehe 8 Septemba Kabila na Museveni walisaini makubaliano Ngurdoto, Tanzania. Haukuisha mwezi huo, watu wengine wakauawa ziwani. Baharini nako Kenya na Somalia waligombana juu ya maji ambayo kampuni zilishapewa vitalu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ikatoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021, na Kenya ikaikataa.

Katika kikundi chetu cha vijana, nilipoleta mada hii, kijana mmoja aliuliza: "Kaka, sisi hata kutoka kambini ni shida, ziwa linatuhusu nini?" Swali lake ni la haki. Nilimjibu hivi. Kwanza, ziwa hili linalisha. Usipa ndiyo nyama ya maskini, ndani ya kambi na nje ya kambi. Lina samaki wa aina mamia ambao wengi hawapo mahali pengine popote duniani, na sehemu ya Cape Maclear iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1984. Maji yake yanatoka kwa mlango mmoja tu, mto Shire, na mto huo ndio unaozungusha mitambo inayotoa sehemu kubwa ya umeme wa Malawi. Mafuta yakimwagika kwenye ziwa la namna hiyo hayana pa kwenda haraka kama baharini.

Pili, mpaka ukichafuka, wa kwanza kubanwa ni yule asiye na pasipoti. Tajiri atapanda ndege kutoka Lilongwe kwenda Dar es Salaam. Mama mwenye watoto anayetoka Kivu atasimamishwa Songwe. Sisi ambao kambi yetu yenyewe ilikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, tunajua mahali panaweza kubadilishwa matumizi kwa amri ya siku moja.

Tatu, wengi wetu tulikimbia nchi ambazo utajiri wa ardhini ulitangulia kupangwa kabla ya watu. Hatuna haki ya kuiamulia Malawi wala Tanzania, ila tuna ushahidi.

Mpaka leo hakuna kisima kilichotoa mafuta katika ziwa hili. Miaka imepita, marais wamebadilika pande zote mbili, na mstari uko palepale, yaani hauko. Wengine wanaona ni hasara. Mimi naona ni muda tuliopewa. Karonga tayari wameonja ahadi za wawekezaji: mgodi wa urani wa Kayelekera ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2014 ukasimamishwa bei ya urani iliposhuka, wafanyakazi wakarudi nyumbani.

Kwa hiyo siku kampuni nyingine ikija na ramani mpya, kuna maswali ambayo hata kijana wa form four anaweza kuuliza. Mkataba umeandikwa wapi, na wananchi wanaweza kuusoma? Jirani wa upande wa pili amekubali? Maji yakichafuka, nani atalipa, na atakuwa bado yupo? Kama hakuna jibu kwa hata swali moja kati ya hayo, heri mafuta yaendelee kulala chini. Yamelala huko miaka mingi sana, hayaozi. Samaki ndio wanaooza.