Ngozi ya Kanda, Wala Si Mchanganyiko

Neno "mchanganyiko" limepewa kazi lisiyoiweza. Limebandikwa kwenye tyubu za krimu, kwenye vipeperushi vya maduka ya dawa na katika kurasa za urembo za magazeti, likitakiwa kutaja ngozi ya uso ambayo paji, pua na kidevu hung'aa mafuta ifikapo saa sita mchana, ilhali mashavu yamepauka na kukakamaa. "Ngozi mchanganyiko," wanasema. Hivi karibuni nimekutana na kipeperushi kilichokwenda mbali zaidi: "ngozi mchanganyiko inayokabiliwa na uwezekano wa kupata chunusi kwa watu wazima." Maneno kumi na moja, na hakuna hata moja lililochaguliwa na mtu aliyewahi kumsikiliza Mswahili akiulalamikia uso wake.

Aliye na ngozi hiyo anaijua, sitaieleza kwa kirefu. Itoshe kukumbusha jambo ambalo istilahi yoyote yenye haki ya kuishi lazima ilibebe. Tezi za mafuta hazikusambazwa mwilini kwa usawa. Viganjani na nyayoni hazipo kabisa. Usoni na kichwani zinafika kati ya 400 na 900 katika sentimita moja ya mraba, na hata usoni kwenyewe paji na pua vimejaliwa tezi kubwa na zenye juhudi kuliko mashavu. Tezi hizo husikiliza homoni, androjeni hasa. Kinyweleo kikizibwa na mafuta pamoja na seli zilizokufa, bakteria wanaoishi humo hunawiri, ngozi huvimba, na chunusi imezaliwa. Kila kitu hapa kinahusu mahali. Jina linalosahau mahali limesahau ugonjwa.

Tuanze na asili ya neno. Kuchanga, kwa maana yake kongwe, ni kukusanya: watu huchanga fedha za harusi, za msiba, za matibabu, ndipo tukapata mchango. Kitenzi hicho kikitiwa kiambishi cha kutendana na juu yake usababishi, tunapata changanya, kama vile gawa ilivyozaa gawanya. Maana inayokaa ndani ya shina ni kwamba vilivyokuwa mbalimbali vimeletwa pamoja mpaka vikaingiliana. Lugha haikuishia hapo, ikamwita mtu ambaye fikra zake haziachani tena kuwa amechanganyikiwa. Sasa, ni nini kilicholetwa pamoja usoni? Mafuta ya pua hayajaingia shavuni, wala ukavu wa shavu haujahamia puani. Kila kimoja kiko kwake tangu mwanzo. Bana karatasi ya shashi usoni asubuhi kabla hujanawa, uitazame kwenye mwanga: palipoguswa na pua pana doa la mafuta, palipoguswa na shavu ni pakavu. Hicho ndicho kitu wanachokiita mchanganyiko.

Mtaalamu mmoja mwenye vyeo vingi alinijibu, mbele ya watu, kwamba katika kemia ya shule mchanganyiko ni kile ambacho viambata vyake vinaweza kutenganishwa, na kwa hiyo neno linafaa. Alitoa mfano wa chumvi na mchanga. Wengi walimpigia makofi, nami sikupewa nafasi ya kujibu, najibu hapa. Chumvi na mchanga vinatenganishwa kwa kazi: utatia maji, utachuja, utachemsha. Hakuna atakayechuja pua aitoe shavuni. Kinachoweza kutenganishwa ni kile kilichokwisha kuchanganywa, na ushahidi wa mtaalamu huyo unamgeukia mwenyewe.

Lakini kosa kubwa la mchanganyiko haliko kwenye kemia, liko dukani. Katika maduka ya vipodozi ya Dar es Salaam kitenzi kuchanganya kina maana mahususi, na kila muuzaji anaijua: ni kutia krimu hii ndani ya ile, na mafuta haya ndani ya yale, mpaka upatikane mkorogo. Tanzania imekataza vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, lakini mkorogo unaendelea kukorogwa, na mara nyingi ndani yake mna krimu za steroidi ambazo zenyewe, zikipakwa usoni kwa muda mrefu, huotesha chunusi na kuipunguza ngozi unene. Mwanamke mwenye chunusi anaambiwa ana "ngozi mchanganyiko," anakwenda dukani kuomba "krimu ya ngozi mchanganyiko," na masikio ya muuzaji yanasikia alichozoea kusikia. Mfasiri aliyechagua neno hilo hakutembea hatua mia kutoka ofisini kwake.

Wapo waliotaka kuokoa jahazi kwa kupendekeza "ngozi mseto." Nakiri kwamba neno lina heshima yake. Tuna kilimo mseto, ambapo miti na mazao hukaa shamba moja, na Kenya ilikuwa na serikali ya mseto kuanzia 2008. Ila mseto unatokana na kuseta, na kuseta ni kuponda kitu mpaka kilainike. Mseto wa asili ni wali na choroko vilivyopikwa na kupondwa pamoja hata huwezi kuinua kijiko cha kimoja bila kingine. Wakulima na wanasiasa walilichukua neno bila kumuuliza mpishi. Sisi wa tiba hatuna sababu ya kuwafuata. Kuhusu "ngozi nusunusu," ambayo nimeiona mahali pamoja tu, haina hesabu. Sehemu yenye mafuta si nusu ya uso.

Ninalolitetea ni kanda. Ngozi ya kanda.

Ukanda, kwa kauli ya kamusi za zamani, ni kipande chembamba kirefu kilichokatwa kwenye ngozi: mshipi, gidamu, kamba ya kufungia mzigo. Wingi wake ni kanda. Kutoka kwenye mshipi wa kiunoni neno lilipanda mpaka kwenye ardhi, tukapata ukanda wa pwani, yaani nchi iliyojinyoosha kando ya bahari mithili ya mshipi, na kisha ukanda wa joto na ukanda wa mvua katika vitabu vya jiografia. Baadaye matumizi ya serikali Tanzania yakachukua umbo la wingi na kulifanya umoja: Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kaskazini. Wanasarufi walinung'unika, na walikuwa na hoja, lakini leo hakuna Mtanzania asiyejua kwamba kanda ni eneo lenye hali yake, lililopakana na eneo lenye hali nyingine, ndani ya nchi moja. Tazama basi safari ya neno hili. Limezaliwa kwenye ngozi, limekwenda kwenye ramani, na mimi nalirudisha kwenye ngozi likiwa limebeba maana iliyokuwa inatafutwa. Istilahi chache za tiba zinaweza kuonyesha nasaba safi namna hiyo. (Kitenzi kukanda, cha kukanda unga au kulikanda jipu kwa maji ya moto, ni shina jingine. Nalitaja kwa sababu kuna aliyeandika kwamba ni moja, akaharibu hoja nzuri kwa papara.)

Na sarufi ya wagonjwa iko upande wangu. Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya ngozi, iwe KCMC kule Moshi au hospitali ya wilaya, usikilize mtu akijieleza kwa daktari. Ataonyesha kwa kidole: hapa pana mafuta, hapa pakavu, hapa ndipo zinapotoka. Anatumia upatanisho wa mahali, pa- na po-, bila kufundishwa na mtu. Kwake uso ni nchi yenye sehemu. Huyo ndiye mwenye lugha, na istilahi yangu haikufanya zaidi ya kumsikiliza.

Pendekezo hili nililipeleka kwa maandishi, pamoja na kurasa za hoja, mbele ya jopo la istilahi ambalo sitalitaja. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: mchanganyiko limekwisha kuzoeleka. Niliumia, kwa sababu hakuna hoja yangu hata moja iliyoguswa. Limezoeleka kwa nani? Kwa wanaotafsiri lebo, naam. Kuzoeleka kwa neno mezani pa kamati si kuzoeleka kwake sokoni. Kifua kikuu hakikusubiri kikao, kisukari hakikusubiri kikao, na yote mawili yamekaa kwa sababu mtu akiyasikia anajua mkono wake uende wapi mwilini au ulimi wake ukatae nini.

Nirudi kwenye mkia wa ile sentensi ya maneno kumi na moja. "Inayokabiliwa na uwezekano" ni zigo. Kukabili ni neno la Kiarabu kwa asili, ndugu wa kibla, kabla na kubali, yote yakitokana na mzizi wa kuelekeana uso kwa uso. Katika Kiswahili cha leo mtu hukabiliwa na mashtaka, nchi hukabiliwa na njaa. Kinachokukabili kimetoka nje kikakujia. Chunusi hazitoki nje. Ngozi yenyewe ina wepesi wa kuziotesha. Na hapo Kiswahili kina umbo lake la siku zote: mwepesi wa kusahau, mwepesi wa hasira, mwepesi wa machozi. Tunasema basi ngozi nyepesi ya kuota chunusi. Nimeambiwa kwamba "nyepesi" itadhaniwa kuwa nyembamba. Itadhaniwa na nani, iwapo kinachofuata ni kitenzi? Hakuna anayemdhani mwepesi wa hasira kuwa amekonda.

"Kwa watu wazima" nayo iondoke. Maneno hayo yameandikwa kwenye majalada ya filamu kwa muda mrefu mno kuweza kutumika hospitalini. Kiswahili kinasema ukubwani, kama kinavyosema utotoni na uzeeni: fulani kasoma ukubwani, fulani katahiriwa ukubwani. Neno hilo tayari lina ndani yake mshangao wa jambo lililokuja baada ya wakati wake, na ndivyo anavyojisikia mwenye miaka thelathini na mitano aliyeahidiwa kwamba chunusi za ujana zitaisha akioa au akizaa. Madaktari huzihesabu za ukubwani kuanzia baada ya miaka 25. Huwapata wanawake zaidi, hupenda taya na kidevu, na kwa wengi huzidi siku za kuelekea hedhi. Chunusi za ukubwani: limekamilika. Wanaotaka kuliacha neno chunusi lenyewe, kwa kuwa pwani ni jina pia la pepo wa majini avutaye waogeleaji, wamekosa kazi. Maneno mawili yanaweza kufanana bila kugombana.

Jambo jingine ambalo wafasiri wamelipita bila kuliona ni mafuta. Mswahili anaita mafuta kile kinachotoka ndani ya ngozi na pia kile anachojipaka baada ya kuoga. Ukimwambia ana ngozi ya mafuta, hajui umemshitaki au umemsifu. Kiswahili kina uto, mafuta yatokayo ndani ya kitu chenyewe: uto wa nyama, uto wa nazi, uto wa ufuta. Uto wa ngozi ungetenganisha mambo haya mawili kwa herufi tatu. Silisukumi leo; vita moja inatosha.

Matumizi ni mepesi mtu akishashika neno kanda. Kanda ya kati, yaani paji, pua na kidevu (acheni "eneo la T," kwani si kila mgonjwa anasoma), isafishwe kwa sabuni laini na kupakwa dawa yenye asidi salisiliki, ambayo huyeyuka katika mafuta na hivyo kufika ndani ya kinyweleo. Chunusi zilizovimba ziwekewe benzoili peroksaidi, kwa uangalifu kwa sababu hupausha foronya. Kanda za mashavu zipate losheni nyepesi isiyoziba. Usiku adapalini kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mashavu yakitangulizwa losheni, na isihukumiwe kabla ya wiki 12, mjamzito asiitumie. Mchana kinga ya jua, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi doa hubaki miezi mingi baada ya chunusi kupona. Dodoki na sabuni ya kufulia visifike usoni. Chunusi zisitumbuliwe.

Kwa wanaoandika lebo, umbo kamili ni hili: ngozi ya kanda, nyepesi ya kuota chunusi za ukubwani. Wingi ni ngozi za kanda. Kihusishi kisidondoshwe, maana "ngozi kanda" husomeka kama amri ya kumkanda mtu, na "ngozi ya kanda mbili" ikiandikwa kwa haraka itageuka kandambili. Kwenye tyubu ndogo isiyo na nafasi, "ngozi ya kanda" peke yake yatosha, na chini yake ielezwe dawa hiyo ni ya kanda ipi.